Mashine Haikutoa Moshi

Nairobi, 9 Februari 1975

Mdogo wangu Akwero,

Hamjambo huko? Mimi mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la chumba cha mashine, na hicho nimekizoea. Miguu ya Mama bado inavimba? Nimempa Mama Nabintu, yule Mkongo wa vitenge, sabuni miche mitatu na sukari. Akikuletea pungufu usimgombeze, pale mpakani wanachukua chao. Na Opoka je? Muulize kama huko chuoni Kyambogo wanafundisha ufundi au wanafundisha kutojibu barua za kaka mtu.

Sasa sikia. Hapa kwenye sinema yetu tumeletewa filamu mpya, na mimi ndiye ninayeiendesha kila jioni, kwa hiyo usiniambie najidai. Ndani yake kuna kompyuta, dada, kama hiyo yako! Imejaza chumba kizima, taa nyekundu na kijani zinakimbizana, halafu inasema kwa sauti ya mwanamke mpole. Polisi wanaiuliza, "Mwizi wa almasi ni nani?" Wanaitajia jina moja moja, nayo inawajua watu wote wa nchi, mpaka anayependa chai bila maziwa. Watu huku chini wanapiga kelele kama wako mpirani.

Kumbe ndugu yangu wa tumbo moja anakaa na kitu cha namna hiyo mchana kutwa na hatuambii! Haya, iulize basi ni nani aliyeiba baiskeli ya marehemu Baba kule kota za polisi. Mimi bado namshuku yule koplo jirani.

Nisalimie wote. Andika upesi.

Kaka yako,
Otim


Kampala, 16 Machi 1975

Kaka Otim,

Barua yako imefika, na sabuni imefika miche miwili. Mama anakusalimu. Miguu ni ile ile, mdomo mzima. Jana alimkaripia jirani kwa sababu ya maji ya mfereji, utadhani maji ya Bwaise yanasikia matusi. Opoka yupo, anakuja kila Jumapili na kumaliza posho yote ya nyumba. Siku hizi haji peke yake. Anamleta Hippolyte, mtoto wa Mama Nabintu huyo huyo. Wanakaa korido moja bwenini. Kijana ana adabu, anacheka huku amefunika mdomo kwa mkono, na akishakula anaosha vyombo bila kuambiwa. Mama anamwita mwanangu Mkongo na anamjazia sahani kuliko sisi.

Sasa kuhusu filamu yako. Kaka, umenichekesha, halafu ukaniudhi. Kompyuta yetu haisemi. Haina sauti ya mwanamke wala ya mwanamume. Ina kelele za feni na za mtambo wa kuchapa, ambao ukianza kazi lazima upige kelele kumwita mtu aliye mbele yako. Inachapa karatasi za mishahara ya watumishi wa serikali, basi. Mimi nakaa chumba cha pembeni natoboa kadi, tundu kwa tundu, kila herufi na tundu lake. Ukikosea tundu moja, mwalimu wa Arua anapata mshahara wa daktari. Kadi zikiisha nampa Jafar, mwendeshaji, anazilisha mashine. Mashine ya baridi ikizimika tu, kompyuta inagoma, na sisi tunatoka nje kula karanga. Haijui jambo ambalo mtu hajaiambia. Hata mimi hainijui, na miaka yote hii naifuta vumbi!

Hiyo filamu imefika huku. Wanajeshi wanajazana, wengine wameiona mara mbili, mara tatu. Sijui kwa nini jambo hilo linanikosesha raha, lakini linanikosesha.

Mdogo wako,
Akwero


Kampala, 27 Aprili 1975
Kwa mkono wa Mama Nabintu

Kaka,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Mama yupo. Anakula kidogo.

Opoka amechukuliwa. Walikuta karatasi za kuitukana serikali kwenye choo cha bweni, na hawakuuliza mtu. Walileta lori wakapakia vijana wote wa korido ile. Hippolyte naye yumo. Wako gereza la Luzira. Tulikwenda na chakula, tukarudishwa getini. Mama Nabintu alilia mpaka askari mmoja akamwonea haya, akatuambia pembeni tu kwamba wako hai, ila wanataka mmoja aseme karatasi ni za nani, na hakuna anayejua.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kapteni anayesimamia kesi hiyo alikuja ofisini kwetu. Hajui kwamba Opoka ni ndugu yangu. Afadhali sisi kila mtu ana jina lake, hakuna la ukoo la kutushtaki. Alizunguka mashine mikono mgongoni, akagonga kwa kidole kabati la mikanda inayotunza majina ya mishahara.

"Hii ndiyo ile mashine?"

Nikamwambia, "Afande, hii ni ya mishahara tu."

Akacheka. "Hata ile ya sinema walificha hivyo hivyo. Walisema iko ya kupima mvua na jua. Wee dada, mimi nimeona ile filamu mara tatu. Hii mashine inajua watu yote. Nitaleta majina, itaniambia nani mubaya."

Sasa nifanyeje, kaka? Nikisema haijui, anaona namficha. Nikisema inajua, basi itabidi ijue! Jafar anasema tukimbie. Nikikimbia, Mama nimwache na nani, na Opoka nimwache wapi? Halafu Jafar huyo huyo akasema jambo jingine. Akasema mtambo wa kuchapa unachapa lolote lililo kwenye kadi, na kadi naitoboa mimi.

Ameahidi kuja katikati ya Mei. Filamu hiyo mimi sijaiona, na sasa hivi sithubutu kuonekana pale. Wewe umeiona kila siku, na unajua watu wanataka kuona nini ili waamini. Nijibu kwa posta, itafika haraka kuliko Mama Nabintu. Lakini andika habari za sinema tu, kwa maana barua zinafunguliwa. Usimtaje yeyote.

Akwero


Nairobi, 4 Mei 1975

Mdogo wangu,

Nimepata salamu zako. Nimezisoma, nimekaa, nimezisoma tena. Mpe Mama pole ya kuumwa miguu. Haya, tuzungumze sinema, si ndiyo kazi yangu?

Umeniuliza kwa nini watu wanaipenda ile mashine ya kwenye filamu. Nitakwambia, maana nimewachungulia sana kupitia kile kidirisha changu. Kwanza, haijibu upesi. Ingejibu upesi wangeona ni kitu cha kawaida, kama swichi ya taa. Ikishaulizwa inawaza. Mikanda inazunguka mbele, inasimama, inarudi nyuma, inakwenda mbele tena, na hakuna anayeuliza kwa nini inarudi. Taa za ukumbini zinakuwa hafifu ili taa zake zionekane. Mwenye kuuliza lazima asimame, hawamwekei kiti. Na wafanyakazi wake hawaigusi ovyo, wanaiogopa kidogo, wanasema kwa sauti ya chini. Mzungu mmoja hata anafuta jasho.

Halafu jibu linakuja fupi. Maneno machache tu. Likiwa refu, mtu anaanza kubishana nalo.

Na sauti usiitie maanani. Mtu akishalipa tiketi, anataka mwenyewe kudanganywa; wewe unamsaidia tu. Juzi umeme ulikatika katikati, na hakuna aliyedai pesa. Walidhani ni mashine imekasirika.

Niandikie. Hata neno moja, Akwero.

Otim


Kampala, 22 Juni 1975
Kwa mkono wa Mama Nabintu

Kaka Otim,

Yuko nyumbani! Nianze na hilo, salamu zitafuata. Opoka yuko nyumbani, amelala kwenye kitanda changu, Mama amekaa mlangoni kama mlinzi wa benki na hataki hata jirani apite.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya Kapteni. Banange, tulihangaika! Jafar aliandaa mashine izunguke bure tu, ili taa za mbele ziwake na kuzima, na mikanda iende na kurudi. Tulizima taa za dari. Viti vyote tulivitoa. Mimi nilitoboa kadi ya jibu, na kadi ile nikaiweka mwishoni.

Kapteni akaja na karatasi ya majina. Akasoma la Opoka kati ya yale ya mwanzo, nami nikajifanya ndilo tutakaloanza nalo kwa sababu ni fupi. Jafar akabonyeza. Kaka, hata mimi niliogopa! Mikanda ikazunguka, ikarudi, taa zikakimbizana, na Jafar akatoa kitambaa akafuta jasho, na jasho lenyewe lilikuwa la kweli. Kapteni akanong'ona, "Mbona haisemi?" Jafar akajibu kwa sauti ya chini, "Ya kwetu ni bubu, afande. Inaandika." Ndipo mtambo wa kuchapa ukaruka na kutoa mstari mmoja: OPOKA HAHUSIKI. MWACHENI.

Unajua kilichomshinda? Kiswahili. Alitarajia Kiingereza. "Inajua Kiswahili!" akasema, na macho yakamtoka. Akabana visigino akaipigia saluti. Naapa. Aliipigia saluti mashine ya mishahara.

Opoka alitoka siku ya pili yake, ila habari hii sikuthubutu kuitia posta, nikamsubiri Mama Nabintu asafiri. Mkono wa kulia hawezi kushikia kikombe. Jana aliniuliza, "Dada, ni kweli iliniona? Iliona kwamba sikufanya?" Nilimwambia ndiyo. Alilia, kisha akalala vizuri kwa mara ya kwanza. Ningemwambia nini kingine?

Sasa lile ambalo ningependa nisiliandike. Kabla ya siku ile Mama Nabintu alikuja akapiga magoti sakafuni kwangu. "Dada Akwero, ile mashine yako ione na mutoto wangu. Hippolyte haiko na mubaya yoyote." Nilimwambia mashine haina habari za wageni, ina za raia tu. Niliona nikitoboa majina mawili Kapteni atashtuka, na Jafar alisema vivyo hivyo, tukiwatoa wote atajua kuna mchezo. Kwa hiyo nilitoboa jina moja. Yeye alinyanyuka, akanishukuru, akauliza kama nina mzigo wa Nairobi. Barua hii anaibeba yeye. Nimeifunga kwa gundi pande zote na bado naona haya kumpa.

Na Kapteni atarudi. Anasema, kama huyu hahusiki, kati ya waliobaki ni nani? "Ile ya sinema ilimupata mutu." Hataki mashine inayoachia tu, anataka inayokamata. Sitaitoboa kadi hiyo, kaka. Niambie filamu inaishaje. Kompyuta ile inaachwaje kuulizwa? Jibu haraka, kwa posta, kama mara ile.

Akwero


Nairobi, 6 Julai 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeruka ngazi tatu tatu nilipopata habari za Mama kupona miguu! Mwenye sinema aliniuliza kama nimepata mke. Nimemnunulia mgonjwa wetu sweta, nitalituma.

Unauliza filamu inaishaje. Ajabu sikukusimulia. Karibu na mwisho wanaitajia majina ya washukiwa, na kila jina taa zinakimbia na inajibu, "Siye." Kisha wanataja jina moja, na ghafla taa zote zinasimama. Mashine inanyamaza. Haisemi chochote, na ukumbi mzima unashika pumzi, kwa sababu kila mtu anajua hapo ndipo imempata. Kunyamaza kwake ndiko kumtaja. Kwangu mimi ni kipande kizuri kuliko vyote, na ndicho nilichosahau!

Halafu inakufa. Wanaiuliza swali zito mno, kama mwizi anaweza kusamehewa, sijui upuuzi gani. Inatetemeka, inarudia neno moja, cheche zinaruka, na moshi mweusi unatoka kwenye kila upenyo. Bila moshi watu hawatoki ukumbini, wanadhani itaamka. Ukitoka moshi wanachukua kofia zao wanakwenda.

Ikikufaa kwa kuwasimulia wenzako kazini, haya. Nasubiri habari.

Otim


Kampala, 7 Septemba 1975
Kwa mkono wa Mama Nabintu

Kaka Otim,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, sweta limemtosha Opoka, ameanza kushika kijiko.

Barua yako ya Julai nimeipata katikati ya Agosti. Imefunguliwa na kubandikwa upya vibaya. Sijui ilikaa kwenye meza ya nani, na sijui kama aliyeisoma alifurahia filamu. Ingefika kwa wakati wake ningekuwa nakuandikia mambo mengine.

Kapteni alikuja katikati ya Julai bila kutuambia. Hatukuwa na kadi hata moja tayari. Alishika karatasi yake akasema anaanza na mgeni, maana wageni ndio wanaoleta matata. Akasoma jina la Hippolyte. Jafar akaanza kuizungusha mikanda huku ananitazama mimi. Kaka, wewe umehama siku nyingi, lakini unakumbuka kwetu tumefundishwa nini tangu haya mambo yaanze. Ukiulizwa, nyamaza. Umeona, hukuona. Tangu nyumbani mpaka kanisani, mpaka foleni ya sukari, anayenyamaza ndiye anayepona. Nikaona lililo salama kabisa ni mashine isijibu. Kwake na kwa wengine wote, isiseme neno, mpaka Kapteni achoke aende zake. Nikamfanyia Jafar ishara kwa mkono. Akaisimamisha. Taa zikatulia zote mara moja, mtambo ukatoa karatasi nyeupe tupu, na chumba kikawa kimya.

Nilidhani nimemwokoa. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi!

Kapteni aliruka. "Imemupata!" Alipiga makofi kama mtoto. Sikuelewa. Jafar hakuelewa. Nikasema, "Afande, haijaandika kitu, haina habari zake." Akasema, "Dada, wewe unafanya kazi hapa na hujui mashine yako? Ikinyamaza imemupata." Akaichana ile karatasi tupu kutoka mtamboni, akaikunja, akaitia mfukoni. Majina mengine hakuyasoma hata moja.

Vijana wengine wote wa korido waliachiwa wiki ile. Wamerudi kwa wazazi wao. Hippolyte hakurudi. Tumekwenda Luzira, wanasema hayupo. Tumekwenda kwingine, wanasema hajawahi kuwepo.

Kapteni alirudi Agosti na majina mapya, ya watu nisiowajua, karatasi mbili nzima. Jafar akazima mashine ya baridi mapema, joto likapanda, kompyuta ikafa yenyewe kama kawaida yake, bila sauti wala chochote. Kapteni akaigusa. "Haijakufa. Haijatoa moshi." Akatupa siku chache tuiamshe. Ndipo barua yako ikafika. Niliisoma nimesimama, mpaka pale kwenye kunyamaza, nikaketi sakafuni. Jafar alidhani kuna msiba. Nikamwambia upo.

Moshi tulimpa. Tulijaza vipande vya waya wa mpira na matambara yenye mafuta nyuma ya kabati, ndani ya debe, na Jafar akawasha Kapteni alipoanza tu kusoma jina la kwanza. Ukatoka mweusi, mzito, wa kukereketa koo. Askari wake walikimbia nje. Yeye alibaki mlangoni akavua kofia. "Ilikuwa mashine muzuri," akasema. Hajarudi tena. Wakubwa wetu wamesema ni hitilafu ya waya, vipuri havipatikani, na mishahara sasa inaandikwa kwa mkono. Mimi nimehamishiwa masjala.

Nimemaliza ya mashine. Yaliyobaki ni ya Mama Nabintu. Habari zilimfikia kwamba kompyuta imeharibika. Kila asubuhi, akiwa hayuko safarini, anakuja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu na furushi lake. Ananiuliza, "Fundi amekuja?" Anaamini ikipona itaulizwa Hippolyte yuko wapi, na itasema. Anaamini ilimwona Opoka kwa haki, na habari za wageni kama mwanawe zilikuwa hazijaingizwa tu. Ile ya karatasi tupu hajui. Kila siku naandaa maneno ya kumwambia, na kila siku namwambia fundi bado. Kaka, nimechoka! Namchukia kwa sababu ananitabasamia. Halafu nachukia kwamba namchukia.

Amesikia kwamba filamu ile bado iko kwenu. Anakuja kuiona, anataka kujua kama mwishoni mashine inafufuka. Usimwonyeshe, nakuomba. Mwambie imerudishwa Ulaya. Mwambie lolote.

Akwero


Nairobi, 5 Oktoba 1975

Mdogo wangu Akwero,

Nakuandikia kwa posta, kwa hiyo tutazungumza sinema tu. Natumaini Mama hajambo na mkono wa ndugu yetu unazidi kupata nguvu.

Alikuja mtazamaji mmoja, mama mwenye furushi la vitenge. Alinipa barua mlangoni, akasimama pale pale akanitazama nikiisoma mpaka mwisho. Sikuweza kuficha uso wangu. Nikamwambia filamu imerudishwa Ulaya. Akanionyesha kwa kidole picha iliyobandikwa ukutani nyuma yangu, onyesho la saa kumi. Basi nikamkatia tiketi.

Nilimchungulia kupitia kidirisha. Wengine walipiga kelele, yeye hakupiga. Palipofika pale mashine inaponyamaza, ukumbi wote ukashika pumzi kama kawaida, na jirani yake, mwanafunzi mmoja, akamwambia kwa sauti, "Hapo imempata!" Nilimwona akigeuka kumtazama. Moshi ulipotoka na watu wakaondoka, yeye alibaki amekaa mpaka mfagiaji akamfikia.

Akapanda mpaka chumbani kwangu. Hakuna mtazamaji aliyewahi kupanda huku. Nikaona bora nimwonyeshe vitu vilivyo, niliona ndiyo heshima. Nikamwonyesha taa, nikamshikisha utepe wa filamu, vipicha vidogo vidogo vilivyolala kimoja baada ya kingine. Nikamwambia zile taa za kompyuta ni balbu tu, wamezifunga kwenye mbao, kuna mtu amekaa nyuma ya ubao anaziwasha na kuzizima. Akashikashika utepe, akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa mkono. Kicheko hicho uliwahi kunisimulia, cha yule kijana anayeosha vyombo bila kuambiwa.

"Kumbe kuko mutu nyuma?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Siku zote kuna mtu nyuma."

Akauweka utepe taratibu. Kisha akaniuliza, "Na ile ya Kampala? Nyuma yake kuko nani?"

Dada, mimi ni mtu wa maneno mengi, unanijua. Nilitafuta hata moja. Nikanyamaza.

Na filamu alikuwa ameiona mpaka mwisho, na pale pa kunyamaza alikuwa ameelezwa maana yake. Alinitazama mpaka akatosheka, akajitwisha furushi lake, akashuka ngazi.

Sukari na sabuni za Mama nilikuwa nimezifunga tayari mezani. Hakuzichukua. Bado ziko hapa.

Kaka yako,
Otim